Shikamoo Uliyobaki Nayo Mdomoni

Kwako Baba Tumaini,

Ningekuandikia barua ya bahasha kama zamani, lakini najua ingeishia wapi. Ingeingia kwenye kile kikapu cha ukindu mlangoni pa kituo chenu, pamoja na simu na saa za mkononi, ikangoja hadi umalize kuzama ndani ya nafsi yako. Kwa hiyo hii naiacha wazi. Aisome anayetaka. Huenda mmoja wa hao mnaokaa nao akaisoma kabla yako, akakugusa bega ukiwa umefumba macho.

Hapa Mkunya tuko salama, isipokuwa yule ambaye hayupo. Mikorosho imetoa maua. Paa la jikoni limetoboka pale pale ulipoahidi kupaziba, ila kwa sasa halivuji kwa kuwa hakuna mvua. Nikiulizwa umefanya nini nyumbani mwaka huu, huwa nataja hilo.

Unakumbuka ulivyonitongoza kule Lulindi? Hukunitongoza. Ulinisalimia. Ulikuja kutengeneza mabenchi ya kanisa, ukapita nyumbani kuomba maji ya kunywa, ukaanza na baba, ukaja kwa mama, ukaenda kwa bibi aliyekuwa anapepeta mihogo iliyotwangwa nyuma ya nyumba, ukamsalimia shangazi, ukamsalimia na mwanamke wa watu aliyekuja kuazima ungo. Kila mmoja ulimuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mguu unaomuuma. Ulipofika kwangu maji ya kunywa yalishapata moto kwa jua. Bibi akasema, "Kijana huyu ama hana haraka, ama hana kwao." Nikacheka, na kwa kicheko hicho nimekaa na wewe miaka ishirini na sita.

Baadaye ndiyo nikajua nani alikutengeneza hivyo. Ulinisimulia mwenyewe, siku tunafunga ndoa, jasho likikutoka ndani ya koti la kuazima. Ulikuwa na miaka minane, mmetoka bondeni kuteka maji wewe na mama yako, mmepanda ule mlima nusu siku. Mkapita kwenye baraza la bibi kizee mmoja, nawe ukapita kama upepo. Mama yako akatua ndoo. Hapo hapo njiani, katika nchi hii ambayo watu wanaoga kwa kikombe, akatua ndoo iliyojaa, akakushika mkono, akakurudisha hadi barazani. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Mliporudi, mbuzi walikuwa wameyanywa maji yote wakaipindua na ndoo. Ukalia. Yeye akakuambia, "Maji nitateka tena. Wewe nikikuharibu nitakuteka wapi?"

Nimelirudia neno hilo mara nyingi mwaka huu, kwa sauti na kimoyomoyo.

Kisha wakakuita kuweka sakafu ya mbao kwenye kile kituo cha yoga cha Newala, pale ukingoni ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaanza, ng'ambo unaiona Msumbiji. Watu wa sokoni wanakiita kambi ya wapumuaji. Kazi ilikuwa ya wiki mbili. Wiki ya kwanza ulirudi nyumbani unacheka hadi unashika mlango.

"Mama Tumaini, kuna watu kule wanakaa kwenye sakafu yangu, wanapumua."

"Kwani wewe hupumui?"

"Napumua. Ila eti nilikuwa sijui kama napumua."

Wiki ya pili hukucheka, ulikuwa umeshakaa nao. Wiki ya tatu sakafu ilikwisha, ukaja kuchukua nguo zako.

Nikuambie ukweli, mwanzoni sikukasirika. Uliacha uraka, ile pombe ya mabibo, na ni mke gani wa hapa Mkunya atalalamika mume kuacha uraka msimu wa mabibo? Uliacha nyama. Uliacha samaki mkavu. Uliacha redio. Katika orodha ile mimi nilikuwa mahali fulani kati ya samaki na redio, na nilijipa moyo kwamba angalau samaki aliachwa kabla yangu. Tumaini akapiga simu kutoka Mtwara. "Mama, baba anaumwa?" Nikamwambia hapana, ametulia. Mtoto akasema, "Baba ametulia? Basi anaumwa."

Mama yako alianguka baada ya mavuno ya mbaazi. Macho yalishapofuka zamani, unajua, yote mawili, na tangu hapo alikuwa anatufahamu kwa kishindo cha mguu na kwa sauti. Sasa na miguu ikamkataa. Nilimhamishia chumba cha mbele, apate upepo na maneno ya wapita njia. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliuliza jambo moja. Hakuuliza kama umekuja. Alisema, "Baba Tumaini hajanisalimia."

Nilituma ujumbe wa simu. Simu ilikuwa kikapuni. Nikamtuma Saidi wa bodaboda, akarudi ananiangalia kwa huruma. "Mzee kaniunganishia viganja, akafumba macho. Nikaona anasali, nikaondoka." Basi nikamwomba Mama Zaituni, jirani yetu, akae na mama, nikafunga mbaazi na makopa ya mihogo kwenye kitenge viwe mchango wangu wa chakula, nikaja mwenyewe kujiandikisha. Nilimwambia yule mwalimu, "Nimekuja kujifunza." Nilikuja kukutoa.

Siku saba nilizokaa pale sikuzitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Mwalimu Stela, yule mwanamke mwembamba wa Arusha, na nimeshindwa hadi leo. Alitukalisha kwenye sakafu yako (naikiri ile sakafu, hailii hata ukiikanyaga kwa kisigino) akatuambia yoga ina viungo vinane, na watu wengi wanakimbilia cha tatu, mikao, kwa sababu ndicho kinachopigwa picha. Akasema cha kwanza ni miiko mitano. Usidhuru. Usiseme uongo. Usiibe. Ujizuie. Usishikilie vitu. Cha pili ni mazoea ya mtu na nafsi yake: usafi, kuridhika, kujinyima, kujisoma, kujikabidhi kwa Mungu. Ndipo inakuja mikao, na pumzi, na kuvirudisha ndani macho na masikio, na kukaza fikra, na kutafakari. Cha nane hakukieleza. Alitabasamu tu. Wageni wote wakatabasamu, nami nikatabasamu nisionekane mshamba.

Siku ya usafi alitupa nusu ndoo kila mtu. Kulikuwa na dada mmoja wa Dar es Salaam, Nuru, akaitazama ndoo ile kama mtu aliyeletewa maiti asiyemfahamu. "Na nywele?" akaniuliza. Nikamwambia, "Nywele zisubiri masika." Mimi nilioga, nikafua, nikabakiza ya kunawia miguu. Kwa kujinyima pia nilionekana nimeendelea sana, kumbe ni desturi ya nyumbani tu.

Siku ya mikao mwalimu akasema tuiname kutoka kiunoni, magoti yasikunjwe, viganja viguse chini. Vijana wa mjini walilia kama milango. Mimi nimepalilia mihogo kwa mkao ule tangu nina miaka saba. "Tazameni mgongo wa Mama Tumaini," mwalimu akasema, na watu wote wakageuka kuutazama, isipokuwa wewe. Ulikuwa mstari wa mbele, umeshafunga milango ya macho na masikio.

Siku niliyofika ulikuwa siku ya tisa ya ukimya wako. Siku ishirini na moja bila neno, nilivyoambiwa, na wote pale walikuheshimu kama shujaa. Mwanamume niliyemwona akitumwa kiberiti dukani na kurudi njaa ikiwa imeshapita, kwa kusimama na kila mtu njiani! Nilijongea nyuma yako nikakunong'oneza, "Baba Tumaini, mama anakuulizia." Ukaunganisha viganja. Siku ya tatu nikaazima penseli nikakuandikia: *Mama haamki tena. Hataki dawa wala chakula, anataka salamu yako.* Ukasoma. Ukakunja karatasi vizuri, kifundi, pembe kwa pembe. Ukafumba macho. Mwalimu alituambia tukaze fikra mahali pamoja, nami nilizikaza kwenye kisogo chako hadi kengele ikalia.

Siku ya saba nikafunga kitenge changu, nikakukuta umesimama langoni. Nilidhani nimeshinda. Tulipanda watu watatu kwenye pikipiki ya Saidi, wewe katikati. Saidi akakuuliza habari za siku nyingi. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akageuza shingo, "Mama Tumaini, mzee kang'olewa jino?"

"Yote," nikamwambia.

Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyasikie kutoka upande niliokuwa nimekaa.

Mama alikuwa ameegemezwa ukutani, blanketi hadi kifuani. Mama Zaituni alikuwa ametoka kumnawisha uso. Nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Tumaini. Umekuja na nani? Nasikia pumzi mbili."

Nikakutazama. Ukaunganisha viganja kifuani ukainama. Uliinama vizuri sana, taratibu, kama mtu anavyomwinamia mwenye macho.

"Nani huyo?"

"Mwanao, mama. Baba Tumaini."

Akageuza uso upande wako. Akapapasa kilemba akakiweka sawa. Na ule mdomo wake, unaufahamu mdomo wa mtu mzima anayejiandaa kuitikia, aliufungua kidogo akauacha hivyo. Akangoja. Nami nikangoja. Nje kuku walikuwa wanaparua, nikatamani wanyamaze ili neno lako lisipotee likitoka. Mama alingoja hadi mdomo ukamchoka, akaufunga.

"Si yeye," akasema. "Mwanangu haingii ndani bila salamu. Huyo ni mgeni, mpe kiti."

Nikakupa kigoda. Kile cha mninga, ulichomtengenezea mwenyewe. Ukakaa kama mgeni. Ulilia, sikatai, niliyaona machozi yakifika kidevuni. Lakini kati yetu sisi sote mle chumbani, aliyestahili kuyaona ndiye pekee asiyeweza.

Hapo nikafanya upumbavu. Nilihamia upande wako, nikainama karibu na bega lako, nikaizamisha sauti hadi tumboni: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Tumaini," akajibu bila kusita. "Na usiniigizie mwanangu. Mimi kipofu, si kiziwi."

Mama Zaituni akaangua kicheko mlangoni kisha akaziba mdomo kwa kanga. Mimi pia kikanitoka. Na wewe, Baba Tumaini, mabega yako yalitikisika. Niliyaona. Nilijua sasa utacheka, na kicheko kikitoka neno litaponyoka nacho, na mambo yatakuwa yamekwisha. Ukalimeza. Nililiona likishuka kooni kama donge la ugali mkavu. Ukasimama, viganja, ukainama tena, ukatoka. Saidi hakuwa hata amezima pikipiki.

Siku zilizobaki kifua kilimbana mama. Sikuwa na cha kumpa zaidi ya nilichotoka nacho kule, basi nikakaa kitandani nikamshika mkono. "Mama, vuta nikihesabu nne, toa nikihesabu sita."

"Nani kakufundisha?"

"Kule aliko mwanao."

Akavuta, akatoa. Akavuta, akatoa. "Kumbe wanafundisha kitu," akasema. Ilimsaidia kweli, alilala bila kukohoa. Kwa hiyo mama yako alikifikia kiungo cha nne akiwa chali kwenye kitanda cha kamba, bila kuacha samaki.

Siku ya tatu tangu uondoke, asubuhi, alikwenda.

Ulikuja kuzika. Ulishika jembe, ulifukia, ulisimama kwa adabu upande wa mikorosho. Wazee waliokuja kukupa pole uliwaunganishia viganja mmoja mmoja, na walipopita walisema msiba umemchanganya, maskini, ulimi umefunga. Sikuwasahihisha. Huo ni uongo, mwiko wa pili, na niliuvunja kwa ajili yako.

Mwalimu Stela naye alikuja. Alikaa mkekani na wanawake, akala ugali na sisi, akaosha vyombo. Nikamwita pembeni, kwa sababu nilikuwa na maneno yangu nimeyanoa. Nikamuuliza ni dini gani hiyo inayomzuia mtu kumwamkia mama yake anayekufa.

Alinitazama kama sijamwelewa mtu wangu. "Mama Tumaini, nani alimzuia? Siku ile ile alinionyesha karatasi yako. Nilimwambia, nenda ukazungumze na mama yako, ukimya utakungoja. Akaniandikia kwamba akisema neno moja itabidi aanze kuhesabu upya, na amebakiza siku kumi. Nilimwambia tena na tena, ndipo akatoka siku ile. Nilijua amekwenda kusema." Akaongeza, "Na kunyamaza hakumo hata katika vile vinane. Ni zoezi tu. Cha kwanza ni kutodhuru." Akalia. Akasema alikusifia mno mbele za watu, kwa hiyo naye ana sehemu yake. Yale maneno niliyoyanoa sikupata pa kuyachoma.

Kwa hiyo nimekaa nayo, nakuletea wewe. Zilikuwa zimebaki siku sita ulipokalia kile kigoda. Sita, Baba Tumaini. Uliogopa kupoteza hesabu. Mama yako alimwaga maji ya nusu siku kwa ajili ya shikamoo ya bibi asiyemhusu, nawe hukuweza kumwaga siku kumi na tano za kunyamaza kwa ajili yake. Umepanda hadi kiungo cha saba, sijui cha nane, na cha kwanza ulikiruka kama ulivyoruka lile baraza ukiwa na miaka minane. Ila safari hii hakuna aliyekuwa na miguu ya kukurudisha.

Nasikia siku ya ishirini na moja ulifungua kinywa. Nuru alinipigia, akasema ulizungumza karibu saa nzima kuhusu amani na watu walilia. Kisha wewe na wenzako wa kituo mkaondoka kwenda huko kaskazini, ambako sasa unawafundisha wengine. Ukanitumia ujumbe mmoja: *Nimepata utulivu. Nawe uupate.* Nimeusoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipomtaja mama.

Mimi kila asubuhi nakaa kwenye mkeka katika chumba chake, navuta nne, natoa sita. Sikufichi. Nimekuja kugundua kitu kile ni kizuri, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Ingekuwa upuuzi ningekusamehe, ningesema umedanganywa. Nakaa pale hasira ikipanda na kushuka, na wewe ukiwa katikati yake. Mwalimu alisema fikra zikija uzitazame zipite. Zako hazipiti. Zinachukua kigoda zinakaa.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu, hata Tumaini. Nimelikalia tangu siku ya mazishi, nikiona ni haki yangu.

Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa naufunika uji. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limeingia hadi miguuni pa kitanda. Hapakuwa na mtu mlangoni, nilitazama, na nikatazama tena baadaye. Mama akageuza uso upande ule. Akagusa kilemba. Akafungua mdomo kama siku ile, na safari hii hakungoja. Akasema kwa sauti yake yote, ile ya kuitia watu shambani:

"Marahaba, baba. Pole na njia."

Nikatoa naye pumzi nikihesabu sita. Ya kuvuta haikuja.

Neno hilo nilitaka nizeeke nalo. Niliapa kwamba aliyenyima salamu atanyimwa kiitikio, na nilikuwa nikilala vizuri kwa kuwaza hivyo. Lakini nilikaa siku saba kwenye sakafu yako, na mwiko wa tatu ni usiibe, na kila ninapofumba macho pale mkekani naona nimekamata mali ya mtu. Hakuniitikia mimi. Mimi angeniita jina langu, hakukosea hata mara moja.

Basi chukua. Sikupi kwa upendo, wala usije ukafundisha huko kwamba nimekusamehe. Nakupa kwa sababu ni yako. Kaburi liko pale pale kwenye mikorosho, na siku ukija, viganja viache mfukoni. Simama useme kwa mdomo, kwa sauti, apite nani asipite nani. Yeye alishaitikia. Anayedaiwa neno ni wewe.

Mkwe wa mama yako,
Mama Tumaini